Wategemezi Wasioandikwa

Ukiajiriwa rasmi Tanzania, moja ya karatasi za mwanzo utakazojaza ni ya bima ya afya, na ndani yake kuna sehemu ya wategemezi. Nafasi ni chache: mwenza, watoto, wazazi, imekwisha hiyo. Mtu wa kwetu Tarime akifika hapo hucheka kidogo. Wanaomtegemea kwa ada, kwa mbolea na kwa nauli ya kwenda hospitali ni wengi kuliko mistari ya fomu. Na wale ambao yeye ndiye anawategemea, shangazi aliyeuza ng'ombe ili asome, jirani anayemwangalizia mji akiwa safarini, hao fomu haiwaulizii kabisa.

Nimeanza na fomu kwa sababu neno utegemezi limeninyima usingizi kwa miezi kadhaa, na si kwa habari ya bima. Kwenye ufundi wa kompyuta, utegemezi ni yale yote ambayo programu inayahitaji ili iamke, na ambayo yenyewe haikuzaliwa nayo. Mtu akikuambia programu yake imekamilika, muulize imekamilika kwenye mashine ya nani.

Nina kibanda cha steshenari Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Kwetu ni Tarime, ng'ambo ya Mto Mara. Natoa fotokopi, nachapa barua za mikutano ya vijiji, nawajazia watu maombi ya ajira mtandaoni, natoa virusi kwenye flashi, na wateja wakipungua nasoma riwaya chini ya kaunta. Kazi ninayotaka kuisimulia hapa haikuwa na malipo, lakini ndiyo iliyonifanya niyasome maneno mengi kuliko riwaya yoyote.

Baba mkubwa wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, upande wa Nyamwaga, Wilaya ya Tarime. Kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akiandika maneno ya Kikurya kwenye kaunta buku: neno, maana yake kwa Kiswahili, mfano, na mara nyingine nani alilisema na kwenye tukio gani. Kaunta buku zimefika kumi na moja. Sasa macho yake yana presha, na daktari amemwambia bila kumficha kwamba kilichopotea hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki tu. Ndiyo maana aliponipigia simu hakuzunguka.

"Mama," alisema, maana ndivyo anavyoniita, "nataka kitu hiki kiwe shuleni wakati bado naweza kusoma na kusema, hapa siyo."

Hayuko peke yake. Mkoa wa Mara una wazee wengi walioandika habari za watu wao kwenye madaftari, kwa mkono, bila kulipwa. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alikusanya maandishi ya namna hiyo kutoka upande wa kusini wa mkoa, na mwaka 2003 yakatoka kitabu, Telling Our Own Stories. Sisi wapenzi wa fasihi hupenda kulalamika kwamba lugha zetu ndogo hazina maandishi. Maandishi yapo. Yapo kwenye masanduku ya bati, juu ya dari, chini ya vitanda, yakisubiri panya au mjukuu, yeyote atakayetangulia.

Kwetu alitangulia mtoto wa shangazi yangu, wakati huo mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam. Aliyageuza madaftari yale kuwa programu kama mradi wake wa mwaka wa mwisho. Unaandika neno, inakuja maana, unakuja mfano, na ukibofya alama ya spika unamsikia baba mkubwa mwenyewe akilitamka. Aliiandika kwa Python, lugha ya kompyuta inayopendwa na wanaoanza na waliobobea vilevile. Kwenye laptopu yake ilikuwa inakimbia kama swala. Akamaliza chuo, akapata kazi, akanitumia folda nzima na ujumbe mmoja: "Dada, wewe ni fundi, fanya iwe kitu cha kubofya tu."

Kitu cha kubofya tu. Hicho ndicho wengine hukiita kisakinishi: faili moja unayoipa mtu, anabofya mara mbili, anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na mwisho kuna picha ndogo kwenye uso wa kompyuta yake. Ni kama kitabu kilichojalidiwa. Msomaji haoni uzi wala gundi, na hatakiwi kuviona.

Lazima nieleze kidogo gundi hiyo ilivyo. Mwandishi wa programu haandiki kila kitu. Anayetaka kuchora dirisha kwenye kioo haanzi kwa kukata mti. Anachukua kazi ya watu waliokwisha kuchora madirisha, na kazi hiyo huitwa maktaba. Maktaba hiyo inategemea maktaba nyingine, nayo nyingine, mpaka ufike chini kabisa kwenye mfumo endeshi, Windows kwa mfano. Mpenzi wa vitabu atafurahia jina hilo, lakini hii ni maktaba ambayo ukichomoa kitabu kimoja kwenye rafu ya chini, wasomaji wote ghorofani wanadondoka.

Ipo zana ya bure iitwayo PyInstaller. Inaupitia msimbo, inaorodhesha maktaba zote zilizoitwa, kisha inazikusanya pamoja na Python yenyewe kwenye folda moja. Inafanya kazi yake vizuri. Ila inamwona yule tu aliyeitwa kwa jina waziwazi. Maktaba ikiitwa kwa mlango wa nyuma, yaani jina lake likiundwa wakati programu tayari inakimbia, zana haiioni na haiibebi. Huyo ndiye mtegemezi asiyeandikwa kwenye fomu. Unamjua siku anapokosekana.

Shule ya kwanza ilikuwa sekondari moja nje kidogo ya mji wa Mugumu. Maabara yake ilikuwa na kompyuta kumi na nne, tisa zikiwaka. Windows 7, memori ya gigabaiti mbili, biti 32, na kwa jinsi mwalimu wa kompyuta alivyoniambia, hazijawahi kuonja intaneti tangu zishushwe kwenye gari. Nilikwenda na vifurushi viwili ili mashine zenyewe ziseme: kimoja alichokifunga binamu kwenye laptopu yake mpya, kingine nilichokifunga mimi kibandani kwa biti 32. Fundi hupima kabla ya kukata.

Cha kwanza kilikataliwa mlangoni, maana programu ya biti 64 haiingii kwenye Windows ya biti 32, hata uibembeleze. Cha pili kilifika mbali kidogo, kikatoa ujumbe ambao mafundi wengi wa mashine kuukuu wameuona: faili api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll haipo kwenye kompyuta hii, jaribu kusakinisha upya. Nililisoma jina hilo kwa sauti na wanafunzi wakacheka. Lilikuwa kama jina la mzimu.

Lakini mzimu ule una ukoo, na ukoo wake unafahamika. Faili hiyo ni sehemu ya maktaba ya msingi ya lugha C ambayo Microsoft iliiingiza ndani ya Windows 10 mwaka 2015. Kwa hiyo kila aliyenunua laptopu miaka ya karibuni anayo bila kujua, kama vile mtu aliyezaliwa penye maji ya bomba asivyojua uzito wa ndoo. Windows 7 haikuzaliwa nayo. Inaipata kwa kiraka kinachoshushwa mtandaoni, chenye namba KB2999226. Kiraka hicho nacho hakikubali kukaa mpaka mashine iwe na kifurushi cha maboresho cha mwaka 2011, Service Pack 1. Mashine tatu kati ya zile tisa hazikuwa nacho. Mtegemezi ana mtegemezi, naye ana wake. Na juu ya yote, Python toleo la 3.9 na yanayofuata hayaikubali Windows 7 hata kidogo. Toleo la mwisho kuikubali ni 3.8. Microsoft yenyewe iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020.

Mwalimu wa kompyuta aliniangalia kwa huruma. "Madam, kwani haiwezi kujishushia yenyewe?"

Swali zuri. Siku hizi visakinishi vingi ni vibahasha vidogo vya megabaiti mbili tatu. Ukikibofya, chenyewe kinakwenda mtandaoni kuchukua kilichobaki. Aliyekitengeneza anaamini mtandao upo, kama anavyoamini hewa ipo. Kwenye maabara ile mtandao ulikuwa simu ya mwalimu, na bando la mwalimu ni la mwalimu. Kumwambia ashushe mamia ya megabaiti kwa mashine tisa ni kumwomba sehemu ya mshahara wake bila kulitaja neno mshahara. Hapo ndipo nilipoona kwamba uamuzi unaoonekana wa kiufundi, kubeba au kutobeba, ni uamuzi wa nani alipe.

Kuna sababu watu hawakupenda kubeba tangu zamani. Miaka ya 1990 diski zilikuwa ndogo na ghali, kwa hiyo programu nyingi za Windows zilitumia maktaba moja iliyokaa mahali pamoja. Wazo zuri, kama josho la kijiji. Kila mwenye ng'ombe hana haja ya kuchimba lake. Tunachanga, tunaogesha kwa zamu. Shida ni siku mmoja anapokuja usiku na kubadilisha dawa kwa sababu ng'ombe wake wanaipenda ile mpya. Asubuhi ng'ombe wa wengine wanaanguka, na hakuna aliyeona kitu. Programu moja ilikuwa ikisakinishwa, inafuta toleo la zamani la maktaba ya pamoja na kuweka lake, na programu nyingine tatu zinakufa kimya. Waandishi wa programu waliiita hali hiyo jehanamu, na sidhani walitia chumvi.

Basi nikaamua kubeba. Nilirudi kibandani nikaifunga kamusi upya kwa Python 3.8 ya biti 32. Viraka vyote nikavitia ndani ya kisakinishi, pamoja na maelekezo kwamba kikague mashine kwanza, na kama kiraka hakipo kikiweke kabla ya kugusa kitu kingine. Service Pack 1 niliibeba kando kwenye flashi, na zile mashine tatu tulizianza na hiyo, kila moja karibu saa nzima, tukiomba umeme usikatike. Kwa kisakinishi chenyewe nilitumia Inno Setup, zana ya bure ambayo Jordan Russell aliitoa mara ya kwanza mwaka 1997 na ambayo bado ni tegemeo la mafundi wadogo duniani kote.

Msimbo wa binamu, ukiutoa peke yake, haufiki kilobaiti mia tatu. Pamoja na wategemezi wake, folda ilikaribia megabaiti tisini. Niliiangalia namba hiyo kwa muda. Sehemu tunayoiita programu, ile ambayo jina la mwandishi limeandikwa juu yake, ni chembe. Kilichobaki ni kazi ya watu ambao hatujawahi kuwasalimia.

PyInstaller ina uwezo wa kuibana folda yote iwe faili moja. Inapendeza machoni, lakini faili ya namna hiyo hujifungua upya kila inapowashwa, na kwenye mashine ya gigabaiti mbili mwanafunzi anaweza kwenda kunywa maji na kurudi. Pia antivirasi haziipendi. Zinaona kitu kinachojikunjua chenyewe na kutoa faili za kukimbiza, zinadhani ni mwizi, zinaifuta. Mwalimu akishaona antivirasi imefuta kitu ulichomletea, usitegemee kumshawishi tena. Nikaiacha iwe folda, iliyofungwa na Inno Setup.

Nilipofikiri nimemaliza orodha, Kikurya chenyewe kikadai chake.

Kiswahili kina irabu tano. Kikurya kina saba. Watu wengi tunakiandika kwa herufi tano zilezile tulizofundishwa shuleni, na msomaji anakisia. Baba mkubwa hakutaka kukisia. Kwenye kaunta buku zake irabu mbili za ziada zina alama, na binamu alizitia kwenye kompyuta kama ɛ na ɔ, zile zinazotumiwa na wanaisimu. Juu yake kuna toni. Kikurya ni maarufu kwa wanaisimu kwa jambo moja la ajabu: kwenye kitenzi, toni ya juu huanza kwenye mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, kutegemea njeo. Yaani wakati wa tendo hauko kwenye viambishi tu. Uko pia kwenye mahali sauti inapopanda. Ukiandika Kikurya bila toni umeandika wimbo bila noti.

Sasa, ɛ yenye alama ya toni juu yake haina namba yake ya pekee kwenye Yunikodi. Inaundwa kwa herufi na alama kuwekwa pamoja, na ni kazi ya fonti kuzikalisha vizuri. Fonti isiyojua inaiacha alama imening'inia pembeni, au inaweka kisanduku kitupu. Kwa hiyo fonti nayo ni mtegemezi. PyInstaller haikuibeba, kwa sababu kwenye msimbo fonti ilitajwa kama jina tu kati ya alama za kunukuu, siyo kama maktaba. Nilitia ndani Charis SIL, fonti ya bure ambayo leseni yake inaruhusu kufungwa pamoja na programu, na nikaelekeza kisakinishi kiiweke kwenye mashine kabla kamusi haijafunguka.

Sauti ikafuata. Binamu alizihifadhi kama mp3, na maktaba aliyotumia kuzicheza ilitaka visaidizi ambavyo mashine zile hazikuwa navyo. Hapo nilichukua njia nyingine: badala ya kumbeba mtegemezi, nilimwondoa. Python ina uwezo wake wa ndani wa kucheza faili za WAV kwenye Windows, bila msaada wa mtu. Tulikuwa na maneno 1,800 yaliyorekodiwa, kila moja sekunde mbili hivi, jumla saa nzima ya sauti. Kwa mp3 ingekuwa chini ya megabaiti thelathini. Kwa WAV ya ubora wa wastani ilifika karibu 160. Nafasi kwenye diski ilikuwepo. Visaidizi havikuwepo. Unalipa kwa kile ulicho nacho.

Kwa mtu wa mkoa huu haiwezekani kufikiri juu ya haya bila neno kujitegemea kukujia. Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, si mbali na hapa. Na Azimio la Arusha la mwaka 1967 tulilikariri shuleni. Nilikuwa nadhani kujitegemea ni kutokuwa na orodha. Lakini lisome tena Azimio. Lilisema nchi isijenge mipango yake juu ya fedha na mikopo ya nje, kisha likataja mambo manne yanayohitajika ili kuendelea: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Kumbe hata tamko la kujitegemea lina orodha yake ya mahitaji. Swali lake ni kama vitu unavyovitegemea viko mahali unapoweza kuvifikia.

Dunia kubwa ilikumbushwa jambo hilo Machi 2016. Programa mmoja aligombana na wenye ghala la msimbo alikokuwa ameweka kazi zake, akaziondoa zote. Miongoni mwake kulikuwa na kipande cha mistari 11, left-pad, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mingi sana ilikuwa ikikitegemea bila kujua, kupitia mtegemezi wa mtegemezi, na kwa saa kadhaa haikuweza kujengwa. Makampuni yenye majengo ya vioo yaligoma kwa mistari 11. Sisi kwenye maabara ya Mugumu tusingetikisika, kwa sababu ya uzito wetu wote wa megabaiti 250 kwenye flashi.

Ila sitaki kumfanya mbebaji kuwa shujaa. Ukibeba, umekuwa mlezi. Mwaka 2014 maktaba iitwayo OpenSSL, inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, iligundulika kuwa na tundu lililopewa jina Heartbleed. Waliokuwa wakiitumia kwa pamoja walibadilisha faili katika sehemu moja, wakawa salama. Waliokuwa wameifungia ndani ya bidhaa zao walilazimika kurudi kwenye kila bidhaa, moja baada ya nyingine, na wengine hawakurudi. Kamusi yetu haiendi mtandaoni, kwa hiyo hatari yake ni ndogo. Lakini Python 3.8 tuliyoibeba tayari imeachwa na waliokuwa wakiitunza. Nimeiingiza nyumbani, nami ndiye wa kuiangalia.

Kisakinishi kilipopita kwenye mashine zote tisa, nilivuka mto kumpelekea baba mkubwa kwenye laptopu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akataka tuanze kabla ya chai. Aliinamia kioo karibu sana, kama mtu anayenusa ugali. Akawa anachapa maneno, anasikiliza sauti yake mwenyewe ya miaka miwili iliyopita, anatikisa kichwa. Kwa saa nzima hakusema neno. Kisha akasimama kwenye neno moja la kawaida kabisa, la vifaa vya shamba.

"Hapa siyo," alisema. "Hili nimeliandika kama la Wakurya wote. Ni la kwetu tu. Wanchari hawasemi hivi. Wairegi nao wana lao."

Akaendelea, na yakawa mengi. Kisha akafika kwenye iritongo. Kwenye kaunta buku ameandika: mkutano wa watu wa eneo. Akasoma, akanyamaza, akaniuliza kama mtoto wa sekondari akilisoma hilo ataelewa nani anakaa wapi, nani anaruhusiwa kusema kwanza, uamuzi ukishatolewa nani anaweza kuukataa na akiukataa anapatwa na nini. Nikamwambia hapana, ataelewa ni kikao.

"Basi hajaelewa kitu."

Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili mnajua sherehe, yale maelezo ya maneno magumu yanayowekwa kwenye diwani. Sherehe ni mtunzi au mhariri akibeba wategemezi: anajua neno hili litafika mahali ambapo aliyelizoea hayupo, kwa hiyo anamfunga ndani. Lakini sherehe nayo imeandikwa kwa maneno. Ukieleza iritongo kwa neno kikao, umehamishia mzigo kwenye neno jingine ambalo lina watu wake na desturi zake. Unashuka ngazi, unashuka, na kwenye ngazi ya chini kabisa hukuti faili. Unakuta mzee aliyewahi kukaa pale.

Tuliongeza sehemu mpya kwenye kila neno: linatumika wapi, na ukoo gani. Kwa maneno mengi sehemu hiyo bado ni tupu, na programu inaonyesha wazi kwamba ni tupu. Nimeanza kuzunguka na kinasa sauti siku za Jumapili. Vilevile niliwasiliana na mtu mmoja ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, ambako Wakuria wa Kaunti ya Migori wanasema lugha hiihii na kuiandika kwa tofauti kidogo. Na Wangoreme wa Majimoto, hapahapa Serengeti, wamekwisha kuniuliza wao watapata lini ya kwao. Niliwaambia gundi ipo tayari, walete daftari.

Baba mkubwa amesahihisha mpaka herufi M. Jicho la kushoto sasa linaona mwanga tu, kwa hiyo tumebadilisha utaratibu: mimi nasoma, yeye anasikiliza na kusema hapa siyo. Tunafanya kwa simu, usiku, bando likiwa la bei nafuu. Maneno yaliyobaki ni mia sita na kitu.

Ndani ya kisakinishi kuna faili ndogo ya maandishi iitwayo SOMA KWANZA, ambamo fundi huorodhesha mahitaji. Ya kwetu inasema: Windows 7 yenye Service Pack 1, au mpya zaidi. Nafasi ya megabaiti 300. Spika au visikilizi. Mtu mzima mmoja anayezungumza Kikurya, awe jirani.

Mwalimu wa kompyuta alinipigia kuuliza kama huo mstari wa mwisho nimeuweka kwa utani. Nilimwambia auache hivyo hivyo.